Haisi ya baba: kutoka gereji ya Unga Limited hadi Ziwa Babati

Siku ya 1, Jumatatu

Tumeanza na viti. Saa mbili asubuhi mimi na mdogo wangu tulikuwa gereji, Unga Limited hapa Arusha, ukungu wa Julai umekaa juu ya mabati na Mlima Meru hauonekani hata kivuli. Haisi hii ilikuwa daladala ya baba. Ada yangu ya shule ilitoka humo, njia ya Ngaramtoni, baba kwenye usukani na baadaye mdogo wangu mlangoni akiwa konda. Tangu baba atangulie mbele za haki imekaa uani kwa mama, kuku wakitagia chini yake.

Mimi ni mpishi wa kambi. Miaka 11 nimepikia watalii porini, na miaka 11 nimelala pale niliposhushwa. Sasa nataka nyumba ya magurudumu: nipike, nioge, niwashe taa na maziwa yasiharibike popote nitakapoegesha, pasipo kutafuta nguzo ya umeme. Wiki iliyopita nilipita TRA, Mamlaka ya Mapato, kuuliza utaratibu kabla sijashika spana, kwa sababu kadi ya gari inataja idadi ya viti, na gari lisilofanana na kadi yake litakusumbua kila kituo cha trafiki. Mwenye nia ya kazi hii aanzie hapo, asianzie dukani.

Boliti nne za nyuma zimegoma kabisa. Tumeziacha zimelowana dizeli mpaka kesho. Kiti kimoja haking'olewi: kile cha kukunja, cha mlangoni. Mama amepiga simu kusisitiza. "Hicho kiacheni, wanangu."

Siku ya 2

Chini ya mati tumekuta sarafu za shilingi hamsini na mia, vifungo, hereni moja ya mtoto, na kutu. Sakafu ya katikati ni nzima. Lakini pale konda anaposimama, ambapo maji ya mvua na matope ya abiria yameingia miaka yote, mzee wa bodi alichukua bisibisi akaibonyeza kwa mkono mmoja, taratibu, na ikapita mpaka tukaona ardhi.

Mzee huyu amekata na kurefusha Landcruiser za watalii tangu sijaanza kazi. Ndiyo bahati ya kufanya jambo hili Arusha. Mji mzima umejaa watu wanaojua kukata paa la gari likabaki imara, kushona maturubai, kufunga friji kwenye betri, kutengeneza droo isiyofunguka kwenye makorongo. Hawaiti kazi yao nyumba ya magurudumu, ila vipande vyote vya nyumba hiyo wanavitengeneza kila siku. Nilipomweleza ninachotaka hakushangaa. Aliuliza swali moja tu: "Binti yangu, utalala peke yako au na mtu?" Alikuwa anauliza upana wa kitanda. Nikamwambia mimi, na mama siku akitaka kuja.

Siku ya 3 na ya 4

Kukata bati bovu, kuchomelea viraka, brashi ya waya, msasa, red oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili. Kelele za grinda. Hakuna zaidi la kusimulia, isipokuwa kwamba zile boliti nne zimetoka.

Siku ya 5

Leo paa. Nilikuja na ndoto ya paa la kuinua kama la magari ya watalii, nisimame humo wima. Mzee akanionyesha mbavu za juu, zile zinazopita kutoka upande hadi upande, akanieleza kwamba ukizikata, bodi inalegea, na lazima fremu mpya ya chuma ichomelewe kuzunguka tundu lote. Kwenye Landcruiser kuna chesisi, mifupa ya chuma ya chini, ya kubeba chuma hicho. Haisi inategemea bodi yake yenyewe. Tukakubaliana tundu dogo la hewa la sentimita 40 kwa 40, kati ya mbavu mbili, lenye kifuniko cha kuinua na wavu wa mbu.

Kisha paneli mbili za sola za wati 150 kila moja. Hazikulalishwa juu ya bati. Zimewekwa kwenye vyuma vya alumini, kukiwa na nafasi ya vidole vitatu kwa chini hewa ipite, kwa sababu paneli ikichemka inatoa umeme kidogo hata kama jua ni kali. Kila skrubu imezibwa kwa gundi ya mpira juu na chini. Mzee alizihesabu mwenyewe: kumi na sita. "Shimo la paa ni mdomo," alisema, "na mvua haisahau mdomo." Tukapanda na mpira wa maji, tukamwagia nusu saa nzima, mdogo wangu akiwa ndani na tochi. Shimo la kumi na moja lilitoa tone. Tukalifungua, tukaliziba upya.

Siku ya 6

Ukuta. Watu wengi watakwambia jaza vipande vya godoro. Usifanye hivyo. Mtu aliyelala anatoa mvuke usiku kucha, na mvuke huo ukikutana na bati lenye baridi ya Arusha ya mwezi huu unageuka matone. Sponji ya godoro inayanywa, inayashika, na baada ya mwaka mmoja unaanza kutu ile ile tuliyoikuta Jumanne, safari hii nyuma ya mbao ambako huioni. Tumetumia stairofomu ya milimita 25 iliyokatwa kwa kisu kufuata kila uwazi, imegandishwa kwa gundi, pembeni tukaziba kwa povu, juu tukavalisha foili. Mabomba ya nyaya tumeyapitisha kabla ya kufunika. Hapo tumetumia saa mbili, na zimetuokolea kufumua ukuta baadaye.

Siku ya 7, Jumapili

Baada ya kanisa nilikaa jikoni kwa mama na daftari. Kwa maoni yangu hii ndiyo siku iliyoijenga nyumba yenyewe. Kambini nilijifunza kwamba hupangi safari kwa ukubwa wa gari, unapanga kwa midomo na siku. Basi nikaandika siku yangu moja, toka kuamka hadi kulala, kwa wati.

Friji la volti 12, lita 40, linavuta kama wati 45 likiwa linanguruma, na hunguruma chini ya nusu ya muda: wati-saa (wati mara saa) 430 kwa siku. Taa nne za wati 5, saa nne za jioni: 80. Simu mbili: 30. Pampu ya maji, dakika kumi na tano kwa jumla: 10. Jumla 550. Blenda na vingine vya mara moja moja sikuvihesabu kwenye kila siku.

Betri ya lithiamu ya ampia-saa 100 inabeba wati-saa 1,280, na unaweza kuitumia karibu yote. Ile ya jeli ya ukubwa uleule ni nafuu dukani, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo unanunua 100 na kutumia 50. Nikachagua lithiamu moja: siku mbili bila jua kabisa. Paneli za wati 300, kwenye saa tano za jua zuri, ukiondoa robo inayopotea njiani, zinaleta zaidi ya 1,100. Mara mbili ya ninachotumia. Mama aliangalia daftari akauliza, "Na jua lisipotoka?" Nikamwambia ndiyo maana tutajaribu hapa uani kwanza, kwenye wingu.

Siku ya 8 hadi ya 10

Mbao. Seremala wa kwanza alileta shiti za MDF, zile za unga wa mbao uliogandishwa, za milimita 18. Zinapendeza machoni, lakini shiti moja ina karibu kilo 40, na ikinyeshewa inavimba kama maandazi. Nikamshukuru, nikazirudisha. Tumetumia saiprasi kwa fremu, maana mashamba ya miti ya Meru na West Kilimanjaro yanaileta sokoni kwa wingi, nyepesi, inanukia vizuri, na plaiwudi ya milimita 12 juu yake.

Seremala wa pili alinibishia kuhusu uzito. Gari hili, alisema, lilibeba watu 14 na magunia yao, kwa hiyo kabati haliwezi kulishinda. Ni kweli, lakini abiria wanashuka Sakina, wanashuka Kona ya Kiseriani, jioni springi zinapumua. Kabati halishuki. Nimeandika kila kitu kwa kilo, kitanda, friji, maji, mtungi, betri, vyombo, tukafika 410 bila sisi wenyewe. Maji ya lita 60 yako kulia, betri na zana kushoto, ili gari lisiiname.

Kitanda ni cha urefu, futi nne upana. Jiko liko mlango wa nyuma, kama nilivyozoea: unafungua mlango wa juu, unakuwa paa lako la mvua, unapika umesimama nje. Mvuke wa ugali hauingii kitandani. Droo zote zina kitasa cha kubonyeza. Nimeshaokota vikombe vya watu wengine vya kutosha kwenye barabara ya Ngorongoro.

Siku ya 11

Leo nilipata hofu. Nilimwita fundi umeme, mtu mzuri, anafunga nyumba za watu vizuri kabisa. Akafunga inveta ya wati 1,000, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, kwa waya wa mm 2.5, ule wa soketi za nyumbani. Mimi nilikuwa nakata pazia, sikuangalia. Saa tisa mchana tukajaribu blenda ya wati 400, na maparachichi mawili ya mama. Dakika chache tu, nikasikia harufu. Siyo moshi bado, harufu tamu, ya plastiki inayoanza kulainika. Nikashika waya nikaachia papo hapo. Ganda jekundu lilikuwa limevimba vipele vidogo vidogo karibu na kichwa cha betri, na kwenye kona lilikuwa limebanwa na ukuta mpya wa mbao, nyuma yake stairofomu.

Mdogo wangu alizima swichi. Fundi alisimama ameshika kiuno, hakuficha kitu. "Dada, nyumbani waya huu ungebeba oveni."

Ndivyo, na hapo ndipo penye siri. Wati 400 kwa umeme wa nyumbani wa volti 230 ni ampia chini ya mbili. Wati hizo hizo kutoka betri ya volti 12 ni ampia 33 na zaidi. Inveta ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inavuta 90. Volti zikipungua, ampia zinapanda, na ampia ndizo zinazochemsha waya. Fyuzi aliyoweka ilikuwa ya ampia 125, isingekatika kamwe, ule waya ungewaka kwanza. Fyuzi haikai pale kulinda blenda. Inalinda waya, kwa hiyo inachaguliwa kwa kuangalia waya.

Siku ya 12

Tumerudia vyote. Waya wa mm 25, mfupi kadiri inavyowezekana, vichwa vimebanwa kwa koleo la haidroli tuliloazima kwa jirani anayefunga winchi. Fyuzi iko chini ya shubiri moja kutoka betri. Kila laini ndogo ina fyuzi yake: taa 10, pampu 10, friji 15. Pia tumefunga chaja inayochukua umeme wa alteneta injini ikiwaka, ampia 20. Fundi alikataa malipo ya siku ya pili. Nilimlazimisha achukue nusu.

Siku ya 13

Gesi na maji. Mtungi wa kilo 6 umekaa kwenye sanduku lake la bati lenye mlango kwa nje, na chini tumetoboa tundu la ukubwa wa sarafu linalofunguka chini ya gari. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini kama maji na kutulia. Lazima ipewe njia ya kutoka. Maungio tumeyapaka povu la sabuni, hakuna kiputo. Na jiko la mkaa halitaingia humu ndani kamwe, hata liwe limebaki majivu mekundu tu. Sumu ya mkaa haina harufu, na wanaolala nayo hawaamki.

Madumu matatu ya lita 20, pampu, sinki la bati. Maji ya kunywa yako kando, kwenye dumu la bluu. Tuliokulia chini ya Meru tunajua habari ya floraidi, tunaiona kwenye meno ya ndugu zetu. Kuchemsha hakuitoi, kunapunguza maji tu na kuiacha. Kwa hiyo bomba lolote nitakalokuta njiani ni la kuoshea, maji ya kunywa nitanunua.

Choo ni ndoo yenye mfuniko na gunia la maranda kutoka kwa seremala.

Siku ya 14 hadi ya 16

Nimelala uani kwa mama siku tatu, makusudi, wingu likiwa limefunika. Betri ilianza asilimia 100. Jumapili paneli zilileta wati-saa 310, nikatumia 540. Jumatatu zilileta 360, nikatumia 550. Jumanne asubuhi kioo kidogo cha kipimo cha betri kilisoma 67, Jumatano asubuhi 50. Paneli zile zile za daftari la Jumapili iliyopita, theluthi tu ya nilichopiga hesabu. Kwa mwendo huo siku sita na niko gizani.

Usiku wa kwanza nilifunga kila tundu kwa sababu ya baridi. Saa kumi alfajiri tone liliniangukia shavuni. Nikawasha tochi: dari kwenye mbavu, pale ambapo chuma kimebaki wazi, ilikuwa na mstari wa matone yamejipanga kama shanga. Usiku wa pili nimeacha tundu la paa wazi vidole viwili na dirisha moja nusu kidole. Baridi iliongezeka kidogo, blanketi la pili likatosha, na dari ikaamka kavu.

Mama alilala humo usiku wa tatu. Asubuhi aliniambia godoro ni gumu upande wa ukutani.

Siku ya 17, Jumatano

Tumeondoka saa kumi na mbili na nusu, mimi kwenye usukani, mdogo wangu kwenye kiti chake cha mlangoni ingawa nimempisha mbele. Anasema amekizoea. Kisongo ukungu, Meserani ukungu unaanza kuchanika, na tulipokaribia Makuyuni anga likafunguka kwa mara moja, bluu, nchi kavu ya Wamasai imelala mpaka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Nikaegesha kuangalia kioo. Betri 68. Paneli na alteneta zinaingiza pamoja. Kule kwetu mlima unatupa maji na migomba, halafu unatuchukulia jua. Ukishuka kidogo tu, unalipata lote.

Kwa Kuchinja hatukusimama. Wanyama wanavuka hapo kati ya Tarangire na Manyara, na njia yao siyo mahali pa kuegesha kitanda. Tukapita Minjingu, Mbuyu wa Mjerumani, tukaingia Magugu saa nne. Betri 96. Saa tano imejaa, na ikabaki imejaa mchana wote friji likiwa linanguruma kwenye joto.

Nimenunua mchele wa Magugu kilo tano mashineni, bado una uvuguvugu wa kukobolewa. Mdogo wangu alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kutujulisha kabla jua halijashuka. Mgeni anayelala kwenye gari bila kusema huwatia watu wasiwasi, na wana haki. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, akazunguka gari, akafungua kila droo, akakaa kula wali na maharage ya nazi. Akatuonyesha pa kuegesha, chini ya mkwaju karibu na kwake.

Siku ya 18

Babati saa tatu. Ziwa lina viboko, na wavuvi walituambia usiku wanapanda kula majani, hivyo tumeegesha juu, mbali na ukingo, sehemu yenye nyumba. Nimekaanga sato kwa mlango wa nyuma uliofunguliwa, upepo ukipeperusha moto mpaka nikasimamisha kibao cha kukatia kama kinga. Hicho ni cha kurekebisha: bati la kukunja kuzunguka jiko. Pia sinki linatoa maji polepole, bomba la chini limepinda. Na droo ya viungo imelia njia nzima.

Nimeoga nyuma ya turubai, maji ya dumu yaliyopata jua mchana. Jioni taa zote nne zinawaka, simu ziko chaji, maziwa baridi. Kwa mbali viboko wanakoroma. Mdogo wangu alinyoosha miguu, akasema baba angetuuliza abiria wako wapi.

Siku ya 19

Betri asubuhi 71. Chai, na parachichi la mwisho la mama. Nimempigia kumwambia godoro nitalibadilisha, akajibu amekwisha kufunga kibegi chake, Jumamosi tumfuate.

Nikawasha injini. Mdogo wangu alifunga mlango wa nyuma, akakagua mtungi na kifuniko cha paa, akaja mlangoni, akaukunjua ule mkono wake wa zamani na kugonga bodi mara mbili, pale pale rangi ilipolika. Nikaingiza gia.